Siku Nilipoingia Darasani Kwenu na Mwiko

Kibiti, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Mwanahawa,

Umeondoka asubuhi kwenda Mbuchi kumuaga bibi yako, na mie nimebaki na begi lako hapa ukumbini, limekaa kama mgeni aliyekuja bila kusema shida yake. Nimelifungua mara tatu, nimelifunga mara tatu. Kila kitu kimo. Habari za nauli, za sabuni, za kutokula ovyo njiani nimekwisha kukwambia mpaka ukitaka unaweza kuziimba, kwa hiyo humu hazimo. Humu nataka kuandika jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka sita. Mwandiko wangu utauvumilia. Mkono huu uliachana na kalamu darasa la saba, toka hapo umeshika jembe na mwiko.

Kesho unakwenda kusomea ualimu. Watu wananisimamisha njiani. Bi Tatu jirani yetu kanishika mkono akaniambia, Mama Mwanahawa, sasa umetua mzigo. Nikacheka naye. Sikumwambia kuwa nyumba hii ilikwisha kuwa kimya siku nyingi kabla hujafunga begi.

Toka ulipokuwa darasa la sita hukunipinga hata siku moja. Nikisema twende shamba, sawa mama. Nikisema leo tusiende, sawa mama. Majina ya chuo yalipotoka na lako limo, nilirukaruka uani kama mwehu, nikakuuliza umefurahi, ukasema sawa mama. Majirani wanasema nimejaliwa mtoto mtiifu. Nami hujibu alhamdulillahi, maana nijibu nini? Lakini kukaa na mtu anayekuitikia kila neno ni upweke, mwanangu. Afadhali ukae peke yako kweli, huna uso wa kuutazama ukajiuliza unawaza nini.

Ninachokiogopa ni hiki: kinywa nilichokifunga mie, kesho unakipeleka mbele ya watoto wa watu.

Mwaka ule unaukumbuka, lakini unaukumbuka kitoto. Ngoja nikupe wa kwangu.

Baba yako alikuwa kashanipa talaka yangu miaka mingi, tumebaki wawili, na tegemeo letu lilikuwa lile shamba la bondeni. Nililala juu ya dungu kulinda mpunga karibu miezi miwili. Wewe ulikuwa ukinijia Ijumaa ukitoka shule, ngazi ya dungu ikikutisha, unapanda umefumba macho. Mchana nilifukuza ndege, giza likiingia nguruwe, mpaka koo likawa halitoi sauti. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa nikasema sasa naweza kushuka. Nikaenda kijijini siku moja tu, kwenye matanga. Niliporudi nilikuta ng'ombe wamepita. Hawakubakisha hata wa mbegu. Nikasimama kwenye tope, viatu nimevishika mkononi, nikaona aibu, wala sijui ilikuwa aibu ya nini, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu, na pale hapakuwa na mtu.

Tulikwenda ofisi ya kijiji, tukaandikwa, tukarudi. Ndipo kamati ya shule ikanionea huruma ikanipa kazi ya kupika uji. Unaukumbuka ule ukoko wa sufuria niliokuwa nakuja nao nyumbani. Wiki nyingine ndio uliokuwa chakula cha usiku.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nakwambia umri wangu si kwa kujitetea. Nataka ujue kuwa wakati ule nilijiona mtu mzima kabisa.

Mwalimu wenu Neema alikuwa mgeni, msichana mwembamba kutoka bara, sauti yake ndogo mpaka jikoni tulikuwa tukimcheka. Tulisema huyu atawafundishaje watoto wa huku, waliozoea kuitana ng'ambo kwa ng'ambo ya mto? Kumbe yeye hakuja kushindana sauti na mtu. Ndiye aliyeleta mdahalo wa Ijumaa. Mie sikujua mdahalo ni nini. Shule niliyosoma mimi, anayesema ni mwalimu. Kazi yetu ilikuwa kuitikia ndiyo mwalimu, sote pamoja, mpaka bati linatikisika. Sikumbuki hata siku moja mtu kuniuliza, wewe unaonaje? Si darasani, si unyagoni, wala siku naolewa.

Ijumaa ile mlikuwa mnazungumza juu ya wakulima na wafugaji. Bonde la nani, kosa la nani. Mie nilikuwa nimekwenda kisimani kuongeza maji ya sufuria ya pili. Nimerudi na ndoo kichwani, napita chini ya dirisha lenu, nikasikia mtoto anasema kuwa ng'ombe naye ana kiu, kuwa mfugaji akifukuzwa kila anapofika atawapeleka wapi, kuwa Mungu hakuwaumbia mto wakulima peke yao. Nikasema moyoni, mtoto wa nani huyu? Nikasikiliza tena. Ilikuwa sauti yako.

Sauti yako, Mwanahawa. Mtoto aliyelala na ukoko juzi yake kwa sababu ya ng'ombe haohao.

Ndoo nilivyoitua sijui. Nilichukua mwiko kwenye sufuria, sijui ulikuwa wa kazi gani, nikaingia nao darasani, matone ya uji yananifuata sakafuni. Mwalimu Neema alikuwa amechora mstari wa chaki katikati ya chumba. Upande huu wewe na wenzako, upande ule wengine, na mbele yao amesimama Minza.

Nilikuja kwa ajili yako. Lakini nilipomwona Minza, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, anayekaa nawe dawati moja, na lile sweta lake lililomfika magotini, hasira yangu ikapata mahali pepesi pa kutua. Wewe ni mwanangu. Yeye hakuwa na mtu mle ndani.

Unajua wazee wetu wametuambia kuwa sisi na Wasukuma ni watani toka zamani za misafara ya miguu. Mtani anaweza kuja msibani akalala juu ya mkeka wa marehemu, akakataa kuamka mpaka apewe kitu, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Utani unaruhusu mengi. Basi nami nikajifunika utani kama kanga. Nikamwambia:

"Mtani, ng'ombe wenu wameshakula mpunga wetu. Na wewe umekuja kutumalizia uji?"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Minza naye akacheka. Hilo ndilo nililolishika kwa muda mrefu, kwamba naye alicheka, kwa hiyo utani umepokelewa. Mwalimu hakucheka. Wewe ulitazama chini, pale uji ulipodondoka. Mie nikatoka nimeshiba maneno yangu.

Saa ya uji ilipofika, Minza alipanga foleni na kikombe chake. Wamebaki watatu mbele yake, akatoka kwenye foleni taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau. Nilimwona. Nikaendelea kugawa. Jumatatu watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina, Malizia. Karibu wiki mbili alikuwa akikaa nyuma ya darasa wenzake wakinywa. Halafu hakuja tena.

Na mie, badala ya kumfuata, nikaenda mkutano wa wazazi nikasimama. Nikasema tumeleta watoto wasome, hatukuwaleta wafundishwe kutugeuka. Walinipigia makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi na watu maishani mwangu, mwanangu, na nakwambia ukweli, siku ile nililala vizuri. Makofi ni matamu kwa mtu aliyepoteza mpunga. Mdahalo ukafutwa. Muhula haujaisha Mwalimu Neema akaomba uhamisho, akapata.

Alikuja jikoni kuniaga. Sikumtegemea. Alikaa juu ya kuni, na sketi yake safi vile, akaniuliza kabla sijaingia darasani siku ile nilikuwa wapi. Nikamwambia kisimani. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa katika ule mdahalo mtoto hachagui upande, anapewa, na mara nyingi hupewa ule usio wa kwao. Na kabla hujamjibu mwenzako, sharti urudie kwanza alichosema, kwa maneno yako, mpaka mwenyewe akubali kuwa ndivyo alivyosema. Asipokubali, unarudia tena. Mwanahawa kupewa upande wa wafugaji ni kwa sababu ni mtoto wa mkulima, akasema. Na Minza nilimpa wa kwenu. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

Nikamuuliza alisema nini.

Akaniambia kuwa Minza alisimama mbele ya wenzake akasimulia habari ya mama mmoja aliyerudi shambani akakuta ng'ombe wamepita, amesimama kwenye tope na viatu mkononi, hana hata mbegu, na hana wa kumlilia. Wewe ndiye uliyemsimulia, pale dawatini. Na akaisema vizuri hivyo hata watoto wengine wakalia.

Basi mtoto wa wafugaji alikuwa amesimama mbele ya darasa ananililia mie, nami nilikuwa kisimani. Nikarudi nikasikia nusu iliyobaki.

Sikwambii kuwa mwalimu hakukosea. Mwenyewe alisema. Alisema alilileta jambo likiwa kidonda kibichi, na wazazi hakutuambia, na hakuangalia kwanza ndani ya chumba kile nani ametoka nyumbani na njaa. Alisema angengoja msimu upite, au angeanza na bonde la watu wengine, la mbali, watoto wajifunze kwanza kushindana bila kuumizana. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu kuja kuniomba radhi mie niliyemfukuza! Nilimpa uji kikombe kimoja, akanywa wote.

Nilikwenda kumtafuta Minza. Hili hukulijua. Nilikwambia nakwenda kuni, nikakata njia mpaka kule walikokuwa wameweka zizi. Nilikuta miba ya uzio na samadi iliyokauka. Walikwisha kuhama na mifugo yao kuelekea kusini.

Mwaka juzi, sokoni Ikwiriri, nikamwona mama yake. Alikuja shuleni mara moja kumwandikisha, uso wake haukunitoka. Alikuwa anauza maziwa. Nilizunguka soko lote mara mbili kabla sijamfikia. Nikamwamkia, nikajitaja, nikaanza kujieleza, kwamba siku ile ulikuwa utani tu, kwamba sisi na nyinyi ni watani. Alimaliza kwanza kumpimia mteja wake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Utani una watu wawili, mtani," akasema. "Wewe siku ile ulikuwa peke yako."

Akanieleza kuwa Minza ameolewa, ana mtoto tumboni. Shule hakurudi. Alikuwa akipenda hesabu, mpaka ng'ombe wakitoka zizini alikuwa akiwahesabu kwa kuwagawa mafungu. Akanipimia maziwa akanijazia na ya nyongeza. Ukaniuliza jioni ile maziwa yametoka wapi, nikasema Ikwiriri. Sikuweza kuyanywa. Yaligandia kwenye dumu mpaka yakamwagwa.

Sina cha kukufundisha juu ya kufundisha. Lakini kuna vitu nimevijua kwa kuvilipia, nami sitaki uvinunue tena kwa bei ileile. Darasa likicheka, mtafute anayecheka kwa meno tu. Huyo ndiye anayechekwa. Anacheka ili asibaki peke yake. Na ukitaka watoto wasemezane juu ya jambo linalowaka kijijini, waambie wazazi mapema kwamba utawapa pande, na kwa nini. Mama anayesikia sauti ya mwanawe dirishani bila kuambiwa kitu, huyo ni hatari. Mie ningeambiwa, labda ningegoma, labda ningekuja nikakaa nyuma nikasikiliza. Sijui. Lakini nisingekuja na mwiko.

Na usidhani nimebadilika kuhusu ng'ombe. Bado nasema ng'ombe wasiingie shambani kwa mtu. Akija mfugaji hapa leo tutabishana naye mpaka jua lizame, na sitarudi nyuma hata hatua moja. Nilikosea kuhusu mtoto. Nilimfanya mtoto abebe kundi zima la ng'ombe kichwani, na kikombe chake mkononi.

Nilipotoka darasani siku ile, wewe pia ulibaki mle ndani. Aliyerudi nyumbani nami jioni alikuwa mtoto mwingine, wa sawa mama. Nilikuwa nikijiambia atasahau. Kisha nikajiambia ndio kukua. Kisha nikazoea. Mtu anazoea hata

Nimeikatisha barua hapo, simu yako iliita. Sifuti, naendelea chini yake.

Ulisema maji bado hayajajaa, boti imekaa kwenye tope, mnangoja. Ulisema bibi kakupa kamba wakavu wengi kuliko begi. Ukaniuliza nimekula, nikasema nimekula, na sikuwa nimekula. Sasa tazama binadamu alivyo, mwanangu. Mkono wangu ulikuwa umeandika haya yote, wino haujakauka, na mdomo ukaniponyoka ukasema kuwa huko uendako usije ukawaletea watoto wa watu maneno ya ng'ombe na mashamba. Fundisha hesabu, nikasema, ukae na watu kwa amani.

Nikangoja ile sawa mama.

Nikawa nasikia watu wa boti wanaitana huko nyuma yako.

"Hapana, mama," ukasema. "Hayo ndiyo nayaendea."

Joto lilinipanda masikioni. Lile neno letu la kina mama, unanijibu, lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza, likapita kama mfupa wa samaki. Nikasema, haya, sema.

Ukasema. Kwamba baada ya siku ile watoto walikuwa wakikuita wakili wa ng'ombe, njia nzima, asubuhi na mchana. Hukuwahi kuniambia. Kwamba mchana mmoja mnarudi nyumbani, Minza yuko mbele yenu peke yake na daftari lake kichwani, wenzako wakakwambia kama wewe si wakili wa ng'ombe, basi mwite lile jina.

"Nikamwita, mama. Malizia. Kwa sauti kubwa kuliko wote. Akageuka, akaona ni mie. Kesho yake ndiyo hakuja."

Halafu simu ikakatika. Sijui ni chaji, sijui ni mtandao wa Mbuchi.

Nimekaa hapa nimeitazama. Miaka sita nilidhani kimya kile ni changu, unaninyamazia mie, na nikakililia kama mali yangu. Kumbe ndani yake kulikuwa na mtu mwingine anayelia kwa habari yake mwenyewe, chumba cha pili, ukuta mmoja, na mie sikubisha hodi.

Nilitaka kukupigia nikwambie ulikuwa mtoto, si kosa lako, kosa ni la aliyelitunga jina. Nilikwisha kubonyeza namba. Nikaiacha. Kwa sababu ningekuwa nimekufunga mdomo tena, safari hii kwa huruma. Umelibeba hilo miaka sita bila msaada wangu, nami sina haki ya kukupokonya kwa neno moja la simu. Najua tu kwamba hujamaliza kusema, na kwamba nina mengi ya kukuuliza, na sitakuuliza yote kwa pamoja.

Ila la kuwaletea watoto yale maneno sijakubali. Sikudanganyi. Naogopa. Wewe hujaona wazazi wakimpigia mtu makofi ya kumfukuza mwalimu. Mie nimeyaona, na ni mie niliyekuwa napigiwa. Nina sababu zangu, na si za woga peke yake. Nawe najua unazo zako, nimezisikia leo kidogo, zina nguvu.

Barua hii niliianza ili uisome ndani ya basi, ukiwa mbali, nisiuone uso wako. Sasa naona ule ulikuwa ujanja. Naiweka hapa juu ya begi, wazi. Uisome mie nikiwapo, na unikatalie popote utakapotaka.

Wali nimeshauteleka. Maji yatakuwa yamejaa sasa. Njoo, mwanangu, tubishane.

Mama yako